Namba ngapi? Komando za Kariakoo na Komando za Dundee

Leo asubuhi bahasha imedondoka mlangoni, vitabu vinne vya katuni za Commando, viwili vipya na viwili vya zamani vilivyochapwa upya, ndo utaratibu wao kila baada ya wiki mbili. Huu mwaka wa 19 niko Uskoti na bado nikisikia ile bahasha inagonga sakafu moyo unanidunda. Sasa juzi mdogo wangu wa nyumbani kaniambia, kaka wewe umepata bwana, uko hukohuko kwa wenyewe, unapata kila kitabu cha motomoto, sisi huku tumekua tunasoma makaratasi. Sikumjibu palepale. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na jibu langu ni hapana, mi naona kwenye hili jambo sisi wa nyumbani ndo tulifaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwa ambaye hazijui, hizi ni katuni za vita, kitabu kidogo cha kuingia mfuko wa koti, kurasa sitini na kitu, picha mbili au tatu kila ukurasa, ndani nyeusi na nyeupe, jalada la rangi lenye kile kisu cha komando. Zinatoka kwa wachapishaji DC Thomson pale Dundee, mji wa hapa Uskoti, tangu Julai 1961, na mwaka 2017 walivuka namba 5000, na hawajasimama. Lakini kitu kikubwa ambacho watu hawakioni ni kwamba karibu kila kitabu kinaisha chenyewe. Hakuna shujaa mmoja unayemfuata toka namba 1 mpaka leo, "itaendelea" ni nadra sana. Leo rubani, kesho mabaharia, keshokutwa askari wa miguu jangwani Libya, na wengi wao unakutana nao mara moja tu basi.

Na ndo maana zilituingia. Sisi tunakua Kariakoo miaka ya themanini mwanzoni, vitu hakuna madukani, nani angekuletea toleo linalofuata? Katuni ya kuendelea ingetuua kwa kiu. Komando ilikuja ikiwa imeshapita mikono kumi, nyingine kwa mabaharia, nyingine kwa wauza vitabu waliokuwa wanapanga chini juu ya turubai, ukiibahatisha moja unayo hadithi nzima, huna deni na mtu, unaweza kuanza na yoyote.

Tena nzima nasema tu, maana nyingi zilikuwa zimechanika. Jalada limeondoka, karatasi za mwisho zimeondoka, katikati kuna doa la chai. Na Kiingereza chenyewe mtaani kwetu alikuwa anakijua kaka yangu tu, basi jioni tunakaa barazani yeye anashika kitabu, sisi kama nane hivi tumemzunguka tunaangalia picha, anasoma kimoyomoyo halafu anatupigia kwa Kiswahili. Na anapiga na milio! Bunduki inalia mdomoni kwake, ndege inashuka, bomu linapasuka mpaka mama anatoka ndani kuuliza kuna nini. Wale Wajerumani wakisema "Achtung!", yaani hadhari, yeye anasema "Aktungi!" na sisi wote tunajibu Aktungi, mtaa mzima, na ukitaka kumshtua mtu gizani unamwambia Aktungi. Halafu kuna kitu alikuwa anakifanya ambacho sasa hivi nikikumbuka naona kilikuwa cha akili sana. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha 1979 tu, kila mtoto kichwani adui ni Amin, basi kaka akiona hadithi inatuponyoka anawageuza Wajerumani wote wanakuwa wanajeshi wa Amin na lile daraja kwenye picha linakuwa la mto Kagera. Picha ni zilezile, kofia za chuma zilezile, ila ghafla wote tumesogea mbele.

Kilikuwepo kitabu kimoja, sajenti mmoja alikuwa anashukiwa mwoga, karatasi za mwisho hazipo. Ule mwisho tulitungiwa na watu watatu. Kaka alisema sajenti alirudi akawaokoa wenzake, jirani yetu akasema hapana alitoroka akaoa kijiji cha mbali, na dada mmoja pale uani, ambaye wala hakuwa anakaa na sisi kusikiliza, akasema yule hakuwa mwoga, alikuwa mgonjwa na hakuna aliyemuuliza. Tulibishana miezi. Mpaka leo nikimpigia kaka tunarudi kwa yule sajenti.

Sasa njoo huku. Sitaki kusema uongo, huku yapo mazuri ambayo nyumbani nisingeyapata hata kidogo. Kwanza nimewajua waliochora. Zamani majina hayakuandikwa kitabuni, sisi tulidhani mashine ndo inachora, kumbe mkono wa mtu. Nimejua kwamba yale majalada ya ndege niliyokuwa nabandika ukutani mengi ni ya Ian Kennedy, mtoto wa hapahapa Dundee, aliyefariki 2022, na kwamba kazi yake ya kwanza pale kwa DC Thomson, bado kijana mdogo, ilikuwa kupaka wino vile visanduku vyeusi vya fumbo la maneno gazetini. Nilipolisoma hilo nilisimama. Mtu kaanza na visanduku vyeusi kafika kwenye ile Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, inayokatiza mawingu mpaka unasikia baridi! Nimeenda Dundee, nimesimama nje ya lile jengo la mawe mekundu pale Meadowside nikaangalia madirisha muda mrefu, mvua inanyesha, watu wanapita na shughuli zao, na mimi nawaza kwamba kitu kilichotoka humu ndani kilifika barazani kwetu. Hiyo siku siiuzi.

Ila usomaji wenyewe, hapana. Huku mpenzi wa Komando ni mtu wa namba. Anajua ana ngapi, amekosa ngapi, kila kitabu kwenye mfuko wake wa plastiki, na vingi havijafunguliwa maana kufungua kunapunguza thamani, nimewaona kwa macho yangu watu wana elfu moja na zaidi ndani na hawana hata mmoja wa kukaa naye wakabishana kuhusu sajenti. Siwasemi vibaya, wametunza vitu ambavyo sisi tulivichana, bila wao zingeshapotea. Lakini mi ninavyoona, hadithi ambayo haijapita mdomoni mwa mtu haijasomwa bado.

Mwaka juzi nilienda kwenye soko moja la vitabu vya zamani, nikamkuta mzee wa Kiskoti ana maboksi na maboksi ya Komando. Nikamwambia kuna kimoja nakitafuta toka utotoni. Akatoa daftari, akauliza namba ngapi? Sina namba. Kinaitwaje? Sijui, hakikuwa na jalada. Mwaka gani? Sijui. Akafunga daftari, maana kwa kweli nilikuwa sijampa kitu cha kushika, mimi kile kitabu nakijua kwa doa la chai na kwa sajenti. Basi nikaanza kumsimulia, mwanzo kwa aibu, halafu nikajikuta nakipiga kama kaka, na milio, na mikono, watu wakageuka. Yule mzee alivua miwani akakaa kwenye boksi akasikiliza mpaka pale karatasi zinapoishia. Akasema hakijui. Halafu akauliza, kwa hiyo yule sajenti ilikuwaje? Nikampa miisho yote mitatu. Akachagua wa yule dada.

Na kuna jingine, hili ndo linaniuma kwa mapenzi niliyonayo. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, Myanmar ya leo, kwenye Vita ya Pili na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliopita bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944 mpaka wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Siku moja alikuja kututembelea akakuta kaka ameshika Komando ya msitu wa Burma. Akaomba aione. Akaangalia picha moja muda mrefu, halafu akauliza, "Hawa viatu vyao mbona vikavu?" Akarudisha kitabu. Baadaye ndo akatuambia kidogokidogo, habari za matope, ruba wanaoingia mpaka ndani ya soksi, nyumbu, wale wa punda na farasi, wanabeba mizigo wanazama mpaka tumbo. Na katika zote nilizosoma mimi, huko na huku, bado sijakutana na kijana wa Tanganyika ndani ya ile mvua akiwa ndo mwenye hadithi.

Halafu fikiria, tulikuwa tunasoma vita Kariakoo, na jina lenyewe Kariakoo ni Carrier Corps, wale wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya kwenye Vita ya Kwanza baada ya kuichukua Dar 1916. Tumeketi juu ya hadithi tunasoma ya mwenzetu. Na sanamu ya Askari pale Posta, iliyowekwa 1927, imewataja hao wapagazi kwamba ndo miguu na mikono ya jeshi, nimepita pale mara ngapi nakimbilia daladala bila kusoma! Hilo nimekuja kulijua nikiwa huku, kwenye baridi, peke yangu mezani, na hapo naikubali faida ya umbali.

Hivi vinne vya leo sivitii kwenye plastiki. Nikishavisoma vinaondoka na mtu anayesafiri Ijumaa, vinaenda kwa watoto wa kaka, na nimemwambia awasomee kwa sauti, Aktungi iwepo. Na kama kwenu kulikuwa na mzee wa Keya akawahi kusema chochote, hata neno moja kama lile la viatu, niandikieni, nimeanza kuyaweka kwenye daftari na kuna kijana mchoraji yuko Mwanza amesema tukifikisha hadithi moja kamili, ya kuisha yenyewe, atachora.