Jogoo wa shilingi 480,000

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye tangu jana jioni sina hakika kama nimwite rafiki, amekwisha kusambaza ujumbe wa sauti wa dakika tatu akieleza jinsi "mratibu alivyojinunulia jogoo kwa uchu", ninalazimika kuandika maelezo yangu kabla ujumbe huo haujawafikia wakwe zangu kule Same. Jogoo ninaye, hilo sikatai. Yuko uani hivi sasa, amefungwa mguu kwenye ndoo ya maji. Ninalolikataa ni hilo neno uchu.

Mnafahamu kwamba usharika wetu unatafuta mabati ya geji 28 ya kuezekea darasa la watoto wa shule ya Jumapili. Katika kikao cha kamati ya harambee nilinyoosha mkono nikidhani wanauliza nani hajapata chai, kumbe wanauliza nani atawaratibu watu wa kujitolea. Walipiga makofi kabla sijaushusha.

Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa matangazo nikatoa hotuba ambayo nilikuwa nimeiandika kwa siku nne. Niliwaeleza waumini kwamba Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 5 Desemba kuwa siku ya watu wanaojitolea tangu mwaka 1985, nikawakumbusha msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kwetu milimani, ambako mtu hakungoja barua ya mwaliko ili ashike jembe akachimbe mfereji, nikamalizia kwa sauti ya kutetemeka ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Swali la kwanza kutoka mabenchi ya nyuma lilihusu posho. La pili lilihusu fulana. Nilipojibu kwamba posho hakuna ila fulana zipo, watu 31 walijiandikisha, na 22 kati yao waliandika saizi ya fulana bila kuandika namba ya simu.

Kwenye kikao cha kwanza walikuja 9. Niliwagawia kazi kwa karatasi: wa kupokea bahasha, wa kuandika ahadi, wa kuelekeza magari, dada mmoja wa kugawa maji, na kijana mmoja mrefu wa kushika bidhaa za mnada ili watu wa nyuma wazione. Mkumbukeni huyo kijana.

Sasa naja kwenye kosa langu. Waliokulia makanisa ya Kilimanjaro wanaujua mnada wa baada ya ibada, ambapo sadaka za mayai, ndizi na kuku hunadiwa pale nje, na watu hushindana kwa furaha mpaka mkungu mmoja ukaleta fedha ya mikungu mitatu. Hapa kwetu Dar es Salaam furaha hiyo ni adimu. Mwaka jana mkungu wa ndizi ulikwama kwenye shilingi 4,000 na mnadishaji akaunadi mpaka sauti ikamkauka. Nikaona kwamba tatizo ni kukosekana kwa watu wa kuchangamsha dau. Kwa hiyo, bila kumwambia yeyote katika kamati, niliwatafuta wanne kwa siri: mwalimu mstaafu, fundi simu, dada wa saluni na mwanafunzi wa chuo. Kila mmoja nilimweleza peke yake kwamba apandishe dau bila kuchoka mpaka atakaponiona nimeshika sikio, hapo aache ili mnunuzi wa kweli achukue. Na kila mmoja nilimwapisha asimwambie mtu.

Naona wenye akili mmeanza kucheka. Subirini.

Jana saa tano asubuhi mnada ulianza na kijana mrefu hakuwepo. Simu yake iliita bila kupokewa. Jogoo alikuwa tayari kwenye tenga, mwekundu, mwenye undu uliosimama na macho ya mtu anayedai kodi ya nyumba, na mnadishaji alikuwa amekwisha kusema "ashikwe juu tumwone". Nikamshika mimi, kwa mikono miwili, kwa sababu jogoo yule hakuwa wa mkono mmoja.

Mama mmoja wa genge alianza na 20,000, bei ya kiungwana. Fundi simu akasema 25,000. Mama akasema 30,000, mwanafunzi akaruka 35,000, mama akamwangalia kwa huruma akakaa chini. Mnunuzi wa kweli alikuwa ameondoka na bado sikuwa nimeelewa. Dada wa saluni akasema 50,000. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema "Laki moja" kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia majina darasani, na uwanja mzima ukanyamaza.

Hapo ndipo nilipowatazama wale wanne na kugundua mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kila mmoja aliwaona wenzake kuwa matajiri wa kweli waliokuja na fedha zao. La pili, wote wanne walikuwa wakilitazama sikio langu kama abiria wanaongoja mwendokasi, wakati mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa jogoo.

Laki moja na ishirini. Laki moja na hamsini. Mnadishaji alikuwa akilia machozi ya furaha. Mtauliza kwa nini nisimwachie jogoo aende. Mgeni rasmi alikuwa amekaa hatua mbili mbele yangu na suti nyeupe, na jogoo alikuwa amekwisha kumtazama vibaya mara mbili. Nikamnong'oneza mama aliyekuwa karibu, "Mama, nishikie kidogo." Akanijibu, "Mwanangu, fedha ya kumshika huyo mimi sina." Laki mbili na nusu. Nikaanza kukonyeza. Mwanafunzi akadhani namhimiza, akasema laki tatu.

Dada wa maji aliniona natapatapa. Ndiye niliyemsifu mbele ya kikao kwa utii wake, na utii huo ndio ulionimaliza: alikuja mbio na chupa, akaona mikono haina nafasi, akaamua kuninywesha. Kwa hiyo dau lilipofika laki nne na sitini kwa kauli ya mwalimu, ambaye nilimwambia asiache mpaka aone ishara na mwalimu hana desturi ya kuacha, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya waumini na mgeni rasmi, jogoo mikononi, maji mdomoni, nisiweze hata kusema "basi". Nikafanya jambo pekee lililobaki. Niliinamisha kichwa taratibu, nikapandisha bega, ili angalau sikio liguse kitu.

"Mratibu mwenyewe ametikisa kichwa!" akapaza sauti mnadishaji. "Laki nne na themanini!"

Wale wanne, kwa adabu kubwa, wakanyamaza. Nani ashindane na bosi wake? Mara ya kwanza. Nikajaribu kumeza maji. Mara ya pili. Yakapita njia ya hewa, nikakohoa, jogoo akawika. Mara ya tatu, ameuzwa. Vigelegele vilipigwa, Mchungaji akaniombea kwa moyo wangu wa utoaji, na kule kwenye kwaya nilimwona mke wangu akifunga kitabu cha nyimbo polepole sana.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilikiri kila kitu ofisini, Mchungaji akacheka kwanza kisha akakataza wachangamsha dau kwa maisha yake yote ya utumishi, mama wa genge nilimwomba radhi, na deni nimepangiwa kulilipa kwa miezi 6, shilingi 80,000 kila mwezi. Mweka hazina amekwisha kunitumia namba ya kulipia, mara mbili.

Asubuhi hii kijana mrefu naye ameandika: "Shikamoo mratibu. Samahani sana kwa jana, usingizi ulinipitia. Ile fulana yangu ya XL bado ipo?"

Nimechungulia uani. Ipo, ila jogoo ameilalia.