Mikaratusi isishuke hadi ukingoni mwa ziwa

Uganda tumezoea kupima kazi ya upandaji miti kwa idadi ya miche. Miche elfu kadhaa imeingia ardhini, picha zimepigwa, kilima kimekuwa kijani, basi tunaambiwa mazingira yamehifadhiwa. Kwa sisi wa upande wa Fort Portal, magharibi mwa nchi, kwenye maziwa ya kreta ya Kasenda na Ndali, yaani maziwa yaliyojaa ndani ya mashimo ya volkano za zamani, hesabu hiyo haitoshi hata kidogo. Mimi huuliza kwanza ni mti gani, na umepandwa hatua ngapi kutoka majini.

Ziwa la kreta ni dogo, lina kina kirefu na kuta zake zimesimama. Mengi hayana mto wa maana unaoingia wala kutoka. Yanaishi kwa mvua inayoangukia ndani ya kreta na kwa maji yanayopenya chini kwa chini. Kwa hiyo lolote tunalofanya kwenye mteremko, ziwa linalipokea, na halina pa kulitupa. Nyinambuga, lile lililo kwenye noti ya shilingi 20,000, ni la namna hiyo.

Sasa mkaratusi, au kalitunsi kama wengi wanavyouita huku. Uliletwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni, na pia kukausha vinamasi ili mbu wapungue. Waliouleta walijua tabia yake: unakua haraka kwa sababu unakunywa sana. Mti uliochaguliwa kukausha kinamasi leo tunaupanda juu ya chemchemi ambazo akina mama wanachota maji kila asubuhi, halafu tunashangaa chemchemi zikipungua.

Ingia chini ya mikaratusi iliyobanana kwenye mteremko mkali uangalie chini. Majani makavu yanateleza, chini yake udongo mtupu, mizizi imebaki nje, na vijifereji vya mvua vimechora njia moja kwa moja kuelekea majini. Pale ambapo watu hufagia majani na vijiti kwa ajili ya kuwashia moto, hata hicho kifuniko hakipo. Kisha nenda Nkuruba, ambako msitu wa asili bado umezunguka ziwa na mbega wanaruka juu ya kichwa chako. Pale ardhi ni laini, ina unyevu, imejaa mboji na miche ya kila aina. Mvua ile ile inafika chini polepole, na udongo unabaki mahali pake.

Majani yenyewe pia yana habari yake. Jani la mkaratusi ni gumu, lina mafuta na lina dawa ndani yake ambayo wadudu wengi wa majini hawaipendi. Linaoza taratibu. Wadudu hao ndio chakula cha samaki wadogo, kwa hiyo ukibadilisha kinachoangukia ukingoni, umegusa chakula cha ziwa.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni siku ya kuvuna. Msitu wa asili hauanguki wote kwa mpigo. Shamba la mikaratusi au misonobari hukatwa lote, mteremko ukabaki uchi, na mvua kubwa ya kwanza ikashusha udongo na rutuba yake. Rutuba ikizidi majini, mwani unastawi, ukioza unakula hewa ya oksijeni. Na maziwa haya hayana oksijeni ya kuchezea, kwani maji ya chini kabisa hayana hewa, samaki wanategemea tabaka la juu. Pia miti mirefu ilikuwa inazuia upepo. Ukiiondoa ghafla, upepo unaanza kuyakoroga maji yaliyokuwa yametulia.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka kila mkaratusi ung'olewe. Mzee mmoja mwenye shamba mtelemkoni aliniambia, "Mwanangu, viazi vinatulisha, kalitunsi inasomesha." Ni kweli. Fito na nguzo ndizo ada za shule. Tena mteremko wenye miti, hata ya kigeni, una nafuu kuliko mteremko unaolimwa viazi kutoka juu hadi chini bila makinga maji. Na kule kwenye hifadhi ya msitu wa Kibale, jirani yetu, chini ya misonobari iliyopandwa kwenye vilima vya nyasi, miti ya asili iliota yenyewe ikainuka. Mti wa kigeni unaweza kuwa na faida ukiwa mahali pake.

Mahali pake ni huko juu, mbali na chemchemi. Kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za maziwa tunazo tayari. Ninachotaka ni utekelezaji usiomwumiza mkulima: asikate leo, asubiri miti yake ikomae, auze. Ila mistari ya chini, ile iliyo karibu na maji, visiki vyake visiachwe vichipue tena, kwa sababu mkaratusi usipouzuia unarudi wenyewe. Badala yake ipandwe miti ya asili kama mikuyu na misambya. Wenye hoteli na kambi za watalii, ambao wanauza mandhari ya maziwa haya kila siku, wachangie fidia ya mistari hiyo. Na vitalu vinavyogawa miche ya misonobari na mikaratusi viweke pia miche ya asili, kwa wingi uleule, kabla ya msimu wa mvua kuanza.