Ripoti ya misheni isomwe wapi?

Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1955, husimulia kwamba siku chache baada ya kuzaliwa alipatwa na maambukizo makali ya kitovu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na dawa zilikuwa mikononi mwa masista Wakatoliki, ambao walikataa kumpokea mtoto kwa sababu ya dhehebu la wazazi wake. Aliyemwokoa ni mwalimu mmisionari kutoka Sweden, aliyewaendea masista hao na kuwasihi mpaka mtoto akadungwa penisilini.

Wengi wetu huipokea habari hiyo kama ushuhuda wa wema wa wamisionari, na ni ushuhuda wa kweli. Lakini walioufunga mlango na aliyeufungua walikuwa wamevuka bahari kwa jina la Kristo yule yule, na mama aliyembeba mtoto hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake. Ilimbidi amtegemee mgeni mmoja dhidi ya wageni wengine. Kwa hiyo, tunapojadili kazi ya misheni za ng'ambo miongoni mwa maskini, swali ninaloliona kuwa zito kuliko mengine ni hili: mmisionari, na shirika lililomtuma, wanatoa hesabu kwa nani?

Swali hilo lina mizizi ya zamani hapa kwetu. Tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilitia saini mkataba na Vatikani, ambao uliipa kila misheni ya Kikatoliki hekta 100 hadi 200 za ardhi ya kulima. Kwa upande wake misheni iliahidi kufungua shule, programu ya masomo ikubaliwe na Gavana Mkuu, na lugha za Ubelgiji ziwe somo la lazima. Mkulima ambaye ardhi yake ilikuwa ikigawanywa hakuwa amekaa upande wowote wa meza ile. Ripoti zilikwenda Boma, mji mkuu wa Kongo wakati huo, na Brussels na Roma. Katika shule hizo babu zetu walijifunza kusoma, jambo ambalo sitalibeza kamwe, lakini hapo pia ndipo yalipoanza mazoea ya kuamini kwamba mambo ya kanisa yanaamuliwa na watu wa mbali.

Na Mkongo aliyejaribu kuwahudumia watu wake bila kutumwa na yeyote aliona kilichompata. Simon Kimbangu, aliyekuwa katekista wa Wabaptisti, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa katika kijiji cha Nkamba mwaka 1921. Mwaka huo huo alikamatwa na kuhukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi. Hukumu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Wako wamisionari waliomwombea huruma, na wako waliotaka anyamazishwe.

Hata hivyo, anayesema kwamba misheni ilikuwa chombo cha ukoloni tu anasahau kituo cha misheni cha Baringa, hapa Kongo. Huko, mwaka 1904, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, masalio ya mtoto aliyeuawa na askari walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine zilioneshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani. William Sheppard, Mmarekani mweusi wa Kanisa la Presbiteri, naye aliandika juu ya mateso ya watu wa Kasai, akashtakiwa na kampuni ya mpira, na mwaka 1909 akaachiliwa. Mwaka 1908 Leopold alikuwa ameshapokonywa Kongo yake. Nawaheshimu sana watu hao, kwa maana walihatarisha kazi yao yote ili kusema ukweli kuhusu wenye nguvu.

Ndiyo maana picha za siku hizi zinaniumiza. Katika vipeperushi na kwenye kurasa za intaneti za mashirika mengi ya misheni, mtoto mwenye kwashakoo au mama aliyekimbia vita anaoneshwa uso mzima, na chini yake namba ya akaunti. Picha ya Baringa ilimshtaki mtu; hizi hazimshtaki yeyote, hazimtaji mwenye bunduki wala mnunuzi wa madini yanayochimbwa chini ya bunduki hiyo. Wahusika hujitetea kwamba bila picha fedha hazipatikani, na bila fedha mtoto huyo huyo hatapata maziwa ya tiba. Hoja hiyo ina uzito, na asiyewahi kusimama mbele ya ghala tupu asiidharau. Lakini je, mama wa kambini, aliyekubali kwa kutikisa kichwa mbele ya watu waliomletea unga, alielezwa uso wa mwanawe unakwenda wapi na utakaa huko miaka mingapi? Nina hakika kwamba mpiga picha hangethubutu kumfanyia hivyo jirani yake mwenyewe huko alikotoka.

Nilipokuwa shule ya msingi hapa Bukavu, tulipokea kundi la vijana wa kanisa moja la ng'ambo waliokuja kwa wiki mbili kupaka rangi madarasa yetu. Tuliacha masomo siku nyingi ili kufanya mazoezi ya nyimbo za kuwakaribisha. Wakati huo mafundi rangi wa Kadutu, sehemu ya mji wetu, walikuwa wamekaa bila kazi, na nauli ya mgeni mmoja tu ingeweza kuwaajiri kadhaa kati yao. Lakini haki inanilazimu kuongeza kwamba mmoja wa vijana hao, aliporudi kwao, alimlipia minervali, yaani ada ya shule, mwanafunzi mwenzangu hadi alipomaliza sekondari. Ziara ile ile ilitupotezea masomo sisi sote na ikamsomesha mmoja wetu, na hakuna mtu aliyetuuliza tungechagua nini.

Swali la hesabu linaonekana vizuri zaidi katika hospitali. Lemera ilikuwa hospitali ya misheni ya Wapentekoste wa Sweden, na Mukwege alikuwa mganga mkuu wake iliposhambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi hapa mjini chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, ambalo ni matunda ya misheni ile ile lakini linaongozwa na Wakongo. Makumi ya maelfu ya wanawake waliobakwa wametibiwa pale, na mwaka 2018 daktari huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kilichobaki kwa misheni hiyo ni kugharimia. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na vita vikaingia Goma na kisha Bukavu, tulikumbushwa kwamba muuguzi mzawa anaweza kubaki kazini risasi zikilia, lakini hawezi kutibu kwa kabati tupu lenye ufunguo ng'ambo.

Wengine hudai kwamba dawa ya haya yote ni kuwakabidhi wenyeji kila kitu. Nisingependa kuwadanganya wasomaji. Tumeona makanisa yetu wenyewe yakigawanyika kwa ugomvi wa nani awe mwakilishi wa kisheria, magari ya huduma yakibeba familia za viongozi, na waumini wanaotoa sadaka kila Jumapili wasijue kilichoingia wala kilichotoka. Mkongo asiyetoa hesabu si bora kwa mgonjwa kuliko Mzungu asiyetoa hesabu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kila misheni inayotumia jina la maskini wetu kuombea fedha isome ripoti yake hapa, kwa Kiswahili au kwa Mashi, lugha ya wenyeji wa hapa, kabla ya kuituma inakokwenda. Najua pingamizi: katika mji wenye watu wengi wenye silaha, kutangaza fedha ni kuita majambazi, na wahasibu kadhaa wameniambia hivyo kwa uchungu. Basi fedha zitajwe baada ya kutumika. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na kamati yake ya wakaaji, CODESA, na hiyo inaweza kupokea orodha ya dawa zilizonunuliwa, vitanda vilivyoletwa na picha zilizopigwa, kisha mjumbe kutoka mtaani akauliza, mbele ya mmisionari na mbele ya mchungaji, kwa nini dawa ya watoto ilikwisha mwezi wa pili.