KIPP: kupata nafasi chuoni si kumaliza chuo

Shule za mkataba nchini Marekani hulipiwa na fedha za umma lakini huendeshwa na taasisi zenye bodi zao. Mtandao wa KIPP, ulioanzia Houston mwaka 1994 chini ya walimu vijana wawili, Mike Feinberg na Dave Levin, ulilenga tangu mwanzo kuwafikisha chuo kikuu watoto wa familia zenye kipato kidogo. Ratiba ilikuwa nzito: saa 1:30 asubuhi hadi saa 11 jioni, baadhi ya Jumamosi, na masomo kwa majuma kadhaa ya likizo.

Mwaka 2011 KIPP ilitoa hesabu yake yenyewe, na hilo ni la kupongezwa. Katika wanafunzi wake wa mwanzo kabisa, asilimia 33 tu ndio waliopata shahada. Kwa watoto maskini kitaifa ilikuwa kama asilimia 8, lakini lengo la KIPP lilikuwa 75.

Utafiti wa mwaka 2023 wa Mathematica, kampuni ya utafiti ya Marekani, unaonyesha pengo lilipo. Waliosoma KIPP madarasa ya kati pekee (la 5 hadi la 8) hawakuwazidi kwa kiwango cha kutegemewa wenzao walioomba lakini wakakosa nafasi katika bahati nasibu ya kujiunga. Waliobaki hadi darasa la 12 walizidi kwa pointi 19 za asilimia katika kumaliza chuo. Tahadhari: kubaki ni uamuzi wa familia, si matokeo ya bahati nasibu hiyo.

Hata hivyo sababu ya wengi kukwama baada ya kupata nafasi chuoni inaeleweka. Barua ya chuo ya msaada wa fedha huchanganya ruzuku na mikopo, mzazi akaona jumla nono. Mshauri mzuri huchukua ada, malazi, chakula, vitabu na nauli, akatoa ruzuku peke yake. Kinachobaki ndicho familia itakacholipa, kwa mfuko wake au kwa mkopo. Julai, kabla chuo hakijaanza, nako kuna uhakiki wa kipato, malipo ya kushikilia nafasi, vyeti vya chanjo. Asiye na wa kumpigia simu hupotea hapo.

Wapinzani wa shule za mkataba nao wana hoja. Mtoto akihamia shule ya mkataba, fedha za umma za kumsomesha humfuata, ila shule ya wilaya yenye watoto watatu pungufu kwa darasa bado inamhitaji mwalimu yuleyule na basi lilelile. Nidhamu ya kunyamazishana kwenye foleni nayo ilipita kiasi. Mwaka 2020 KIPP iliachana na kaulimbiu yake ya bidii na wema.

Shule yoyote ikijitangaza kwamba asilimia 100 wamepata chuo, iulizwe: darasa la 9 walianza wangapi, nafasi za walioondoka zilijazwa, na wangapi wana shahada baada ya miaka sita?