Seva ya sauti: khiari ikae kwenye programu au kwenye mashine?

Watunzaji wa vifurushi (programu zilizofungashwa kwa ajili ya kusakinishwa) katika distro, yaani matoleo mbalimbali ya mfumo wa kompyuta wa Linux, wamekuwa wakivutana kwa miaka mingi juu ya jambo linaloonekana dogo: je, kicheza muziki au kivinjari kiundwe kikiwa tayari kinaweza kuzungumza na seva ya sauti (programu ya chinichini inayopokea sauti za programu nyengine), au uwezo huo uachwe uwe khiari, mtu auwashe akitaka? Jambo hili hunifika mkononi kwa sababu kompyuta nyingi ninazozihudumia hapa Unguja ni za mtumba, zenye gigabaiti 2 au 4 za kumbukumbu, na haja za wenyewe hazifanani hata kidogo. Mwalimu anataka video isikike darasani basi, ilhali mpiga kanuni anayerekodi mazoezi ya taarabu Mji Mkongwe hawezi kuvumilia sauti yake imrudie masikioni ikiwa imechelewa.

Sauti katika Linux hupita kwanza ALSA, ambayo ni sehemu ya kiini cha mfumo na ndiyo inayoifikisha kwenye kadi ya sauti. Seva hukaa juu yake, ikichanganya sauti za programu kadhaa na kuihamisha kutoka spika kwenda kwenye kisikilizio cha Bluetooth bila muziki kukatika. PulseAudio, mojawapo ya seva hizo, ilianza mwaka 2004, na distro ya Fedora, katika toleo lake la 8, ikaifanya chaguo la kawaida mwaka 2007, wakati ambapo, kusema kweli, ilikuwa bado haijaiva. Chuki nyingi dhidi yake zilizaliwa miaka hiyo na zimedumu kuliko kasoro zenyewe. Mwaka 2021 Fedora 34 ilihamia PipeWire, seva mpya zaidi, na distro nyengine nyingi zimeifuata.

Wanaotaka khiari wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. ALSA yenyewe inaweza kuchanganya sauti kwa njia ya dmix, kwa hiyo mwenye spika moja na kadi moja hana lazima ya seva inayoendelea kufanya kazi chinichini mchana kutwa. Isitoshe, maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) ya libpulse, ambayo programu huitumia kuzungumza na seva, haiji peke yake: huja na libsndfile, nayo huvuta maktaba za miundo ya sauti ya FLAC, Vorbis na Opus, mpaka kicheza muziki kidogo kinafika na ukoo mzima. Kwa mtu anayesasisha mashine yake kwa bando la simu, kila maktaba ya ziada ina bei yake.

Upande wa pili, kila khiari lazima iwe na mtu wa kuipima. Chukua programu inayoweza kutumia ALSA, PulseAudio, JACK (seva ya wanamuziki), sndio (seva nyengine ya sauti) na PipeWire: ikiwa kila moja ina swichi yake ya kuwashwa au kuzimwa wakati wa kuunda, kuna namna 32 za kuiunda, na hakuna mtunzaji anayezijaribu zote. Hilo lilidhihirika mwezi wa Machi 2017, pale Firefox 52 ya Mozilla ilipotoka bila ALSA na kudai PulseAudio. Msimbo wa ALSA ulibakia ndani, na distro ziliweza kuuwasha zenyewe, ila mzigo wa kuutunza uliwahamia wao. Slackware nayo, distro isiyopenda kabisa kulazimishwa, iliingiza PulseAudio katika toleo la 14.2 la mwaka 2016 kwa sababu BlueZ 5, programu inayoshughulikia Bluetooth katika Linux, ilikuwa imeacha kupeleka sauti ya Bluetooth moja kwa moja kwa ALSA. Yapo pia madhara ya kimyakimya: baadhi ya programu, zinapoundwa, hutazama ni maktaba zipi zipo kwenye mashine na kujiunganisha nazo bila kuuliza, na siku maktaba ile ikiondolewa programu inagoma kufunguka. Swichi iliyotajwa wazi, iwe imewashwa au imezimwa, ni bora mara nyingi kuliko ubahatishaji huo.

Lakini naona sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na jina. Kuwasha swichi iitwayo «pulseaudio» kwenye kifurushi hakumaanishi kuiendesha PulseAudio. Kunamaanisha kuiunganisha programu na libpulse, na anayejibu upande wa pili leo huenda akawa PipeWire, inayojua lugha ileile. Watu wa Gentoo, distro ambayo mtumiaji hujiundia programu mwenyewe, walifanya jambo la busara walipoitenganisha libpulse na pulseaudio-daemon (seva yenyewe) zikawa vifurushi viwili, na kuipa PipeWire swichi yake ya kusema kama itakuwa seva ya sauti au la, maana wengine wanaihitaji kwa ajili ya kushiriki skrini tu. Kwa distro zinazogawa programu zilizokwisha kuundwa, naegemea upande wa kuweka maktaba daima na kuiacha seva iwe pendekezo linaloweza kukataliwa. Ubadhirifu wa maktaba naukubali. Ni mdogo kuliko usumbufu wa mwalimu aliyevaa kisikilizio cha Bluetooth asisikie kitu.

Kwa mpiga kanuni hesabu ni nyengine. Bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri zamu yake) ya fremu 1024 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde inachelewesha sauti kwa takriban milisekunde 21, na ya fremu 128 inachelewesha chini ya 3. Huyo kwa muda mrefu alihitaji JACK, na kila programu yake ya kurekodi ilipaswa kuundwa ikiwa na JACK. Sasa PipeWire ina maktaba inayoshika nafasi ya JACK, na ina kiungo cha ALSA kinachozipokea hata programu zisizojua seva yoyote, hivyo swichi ya zamani katika kila programu inazidi kukosa kazi. Inayobakia na kazi ni sndio, iliyotoka OpenBSD, ambayo watumiaji wake katika Linux ni wachache. Hiyo ningeiacha iwe swichi iliyozimwa, itunzwe na yule anayeitumia kila siku.