Hata Eliya alichoka

Siku hizi misibani na kwenye maombi nasikia sana haya maneno, mtu kafiwa au kaachishwa kazi anaambiwa "jikaze, usilie, kulia ni kukosa imani". Mi hapo nakataa kabisa, na nikikataa huwa namtaja Eliya, yule nabii wa kwenye Biblia.

Maana Eliya sio mtu wa imani haba jamani. Huyu ndo alisimama mlima Karmeli peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, mungu wa sanamu, akaomba moto ukashuka ukala sadaka, kuni, mawe, mpaka maji ya kwenye mfereji yakakauka. Lakini sura inayofuata tu malkia Yezebeli, aliyekuwa upande wa Baali, anatuma ujumbe kwamba kesho saa kama hizi na wewe utakuwa maiti, basi nabii wa Mungu kakimbia mpaka Beer-sheba, mtumishi wake kamwacha huko, kaingia jangwani mwendo wa siku nzima, kakaa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anaomba afe. Anamwambia Mungu imetosha!

Sasa angalia Mungu alivyomfanyia. Hakumgombeza. Kwanza alimwacha alale, halafu malaika akamgusa, inuka ule, akakuta mkate umeokwa kwenye makaa na maji yapo kichwani pake, akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, kula bwana, safari ni kubwa hii. Lile swali la "unafanya nini hapa Eliya" lilikuja baadaye kule Horebu, mlima wa Mungu, baada ya siku 40 za kutembea kwa nguvu ya chakula kile.

Na mi naamini nguvu za Mungu mara nyingi zinakujaga hivyo hivyo. Kuna dada jirani yetu alifiwa na mumewe, matanga yakaisha watu wakatawanyika, akawa hatoki ndani. Mama mmoja wa jumuiya akawa anampelekea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, anammiminia kikombe, anakaa naye mpaka kiishe, anaomba kwa sauti ya chini maneno machache, anaondoka. Mahubiri hakuna. Yule dada leo karudi kwenye genge lake, anapanga nyanya mafungu mafungu, kuna siku bado machozi yanamtoka na woga wa kulea watoto peke yake anao, ila alfajiri anapiga magoti kwanza ndo anaenda sokoni. Kwangu mimi huyo ni jasiri kuliko wengi wanaopaza sauti kwenye maikrofoni.

Kuna kitu kingine tunakiruka. Horebu Eliya alilalamika mara mbili kwamba amebaki peke yake, Mungu akamwambia nina watu 7,000 Israeli hawajampigia Baali goti, akampa na Elisha wa kwenda naye. Kwa hiyo wachungaji na wazee wa jumuiya nawaomba, mkiona mtu haonekani ibadani wiki kadhaa, kabla hamjaanza kuuliza imani yake imepatwa na nini, nendeni nyumbani kwake mkajue kama amekula, na msiende mikono mitupu.