Bunduki ya Sentimita 19

Kwetu Songea bunduki tulizitengeneza kwa mgomba. Unakata bua la jani, unachanja vipande vitatu vinne juu yake, unavisimamisha, ukipitisha kiganja vinalala vyote: pa-pa-pa-pa! Jioni limenyauka, linatupiwa mbuzi. Mtu mzima hakuligusa. Kwa hiyo nilipomkuta mzee jirani yangu hapa Leicester, Uingereza, mstaafu mwenye wajukuu, kashika kibano anamvisha askari wa plastiki mkanda wa bunduki, nilimwonea huruma. Nilidhani ni upweke.

Nilikosea. Mzee amekua na Action Man, mwanasesere wa kijeshi aliyeanza kuuzwa mwaka 1966 na kampuni ya Palitoy ya Coalville, mji wa mkoa huu huu. Wanasesere hawa wana kama sentimita 30, yaani mtu aliyegawanywa kwa 6, na silaha zao hugawanywa vivyo hivyo. Lee-Enfield, bunduki ya askari wa Uingereza, ya sentimita 113, mkononi mwangu ilikuwa na 19. Kikono cha kukoki kinarudi nyuma, magazini inachomoka. Mkanda wake wa kitambaa, mwembamba kama utambi wa taa, mzee aliuloweka usiku kucha kwenye chai ya rangi ili uonekane umebebwa njiani miezi mingi.

Kabatini alikuwa na Wajerumani, Wamarekani, Warusi, Waingereza. Mwafrika hakuwapo hata mmoja. Nikamwambia babu yangu mzaa baba naye alibeba Lee-Enfield, vita ya Hitla, akiwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kule Bama (Burma). Mzee akaweka kibano chini.

"Kikosi gani?"

Nilinyamaza, na aibu ile ninayo mpaka leo. Nilijua nyimbo mbili tu za babu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na mvua hadi mto Chindwin, na hayo nimeyasomea huku ugenini. Nyumbani tuna Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, tangu 1927. Huyo ni wa vita ya Mjerumani, ile ya kwanza ya dunia, nasi tunamtumia kuelekezana vituo vya daladala.

Ndugu zangu wa Bukavu na Goma hawataki kuona bunduki hata ya sentimita mbili, na sitabishana nao. Ila wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wasio na kazi, nawakatalia. Simulizi ya mdomo tunaipenda, lakini inakuruhusu kuruka usichokijua. Kitu cha kushika hakikuruhusu. Ukitaka kumtengeneza askari mmoja lazima ujue kofia yake, viatu vyake, mkanda aliufunga tundu la ngapi.

Basi nimeongea na fundi wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, anichongee Keya wa mpingo wa sentimita 30. Bunduki nitaitoa huku, mzee kaniahidi. Fundi akaniuliza maswali yale yale ya mzee, nami nikampigia shangazi.

Shangazi alifungua sanduku la marehemu. Mkanda upo. Una tundu moja la ziada, limetobolewa kwa msumari, kwa sababu babu alirudi amekonda. Alipima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka kwenye bizimu hadi tundu lile: sentimita 72.

Nimemwandikia fundi: 12.